Soma mpaka mwisho: vile mistari ya Biblia hukatwa ikamfaa anayeisoma

Uliza tu kwa grupu la WhatsApp la kanisa pesa za mabati zilifika wapi. Uliza kwa heshima zote, weka "Bwana asifiwe" mbele na "samahani wapendwa" nyuma, haitasaidia. Kabla treasa hajashika simu mtu atakuwa amekurushia Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu", yaani mtumishi wa Mungu haulizwi, alafu amina zinaanza kumiminika na swali lako linapanda juu huko mpaka halionekani tena. Mabati bado hatujui yako wapi.

Hii maneno iko kila mahali sai. Iko Nakuru, iko Kisumu, ukienda matanga Bungoma utaipata, ukipanda matatu ya Kakamega iko kwa stika nyuma ya dereva. Na inachanganya watu kweli kweli, manake anayekunukulia hadanganyi, hayo maneno yameandikwa, ukifungua utayakuta vile vile alivyosema. Sasa mtu anabaki akijiuliza, kama imeandikwa na bado moyo wangu unaniambia kuna kitu hakiko sawa, shida ni mimi sina imani ama ni nini? Wacha tufungue pole pole.

Kwanza tuelewane maneno. Mstari ni kile kipande kidogo chenye namba. Muktadha ni yale yote yanayokizunguka, nani anaongea, anaongea na nani, wakati gani, kwa sababu gani. Na hizo namba unazoziona hazikuwepo mwanzo. Paulo hakukaa chini akaandika "nne kumi na tatu", aliandika barua moja ndefu isomwe yote mbele ya watu. Kugawa Biblia kwa sura kama tunavyozijua leo kunahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, msomi Mwingereza wa miaka ya 1200 kuanza, na namba za mistari kwa Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka wa 1551. Nia yao ilikuwa njema, watu wapate mahali haraka. Lakini hapo ndo kisu kiliingia, manake kitu kikishapewa namba yake mtu anaona kinaweza kusimama peke yake.

Chukua meseji ya M-Pesa. Ukisoma tu pale penye imeandikwa umepokea pesa, umefurahi. Lakini ile meseji iko na jina la aliyetuma, iko na tarehe na saa, na kubwa zaidi ni iliingia kwa laini ya nani. Mtu akikuonyesha kwa simu yake meseji ambayo shemeji yake alimtumia wiki jana, akuambie ndo hiyo amelipa unga, utamcheka. Mama wa duka kule Kaptembwo hatoi unga mpaka aone kwa simu yake mwenyewe. Lakini Jumapili huyo huyo mama anapokea mstari bila kuuliza ulitumwa na nani, kwa nani, lini, kwa nini. Muktadha ni hayo maswali manne tu, hakuna uchawi mwingine.

Na hii tabia si ya jana. Kwa Mathayo 4 Shetani anampeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, alafu anamnukulia Zaburi 91, ati malaika watakuchukua mikononi usijikwae. Ni Biblia safi hiyo. Ukirudi kwa Zaburi yenyewe utaona ameruka pale penye inasema malaika wakulinde "katika njia zako zote", na pia ameachia mahali pazuri sana kwake, kwa sababu mstari unaofuata unasema utamkanyaga simba na nyoka na joka. Mimi nikiwa joka pia ningeishia hapo. Yesu hakumwambia kwamba hiyo haijaandikwa, alimwambia "Tena imeandikwa", yaani endelea kusoma kaka, hiyo siyo yote.

Sasa hapo ndo kuna kitu nimekiona na sidhani ni bahati mbaya. Ukiangalia ile mistari inayotumiwa vibaya zaidi huku kwetu, kile kipande kilichoachwa nje karibu kila mara ndicho kinachomgusa yule anayenukuu. Twende mmoja mmoja uone.

Tuanze na masihi wa mabati. Zaburi 105 inasimulia habari za Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wanatangatanga nchi za watu, hawana askari, hawana shamba, na Mungu akawa anakemea wafalme kwa ajili yao. Kwa hivyo wanaoambiwa wasiguse ni wafalme wenye nguvu, na wanaolindwa ni wanyonge wasio na mtu. Geuza sasa uone vile tunautumia, mwenye nguvu na maiki na gari anajilinda nao dhidi ya mama anayeuza omena Kibuye aliyetoa mia mbili yake.

Na kuna hadithi yenyewe nyuma ya huo mstari, iko Mwanzo 20. Abrahamu alidanganya kwamba Sara ni dada yake tu, mfalme Abimeleki akamchukua Sara, Mungu akamtokea Abimeleki usiku akamwonya amrudishe mke wa mtu manake yule mume ni nabii. Hapo ndo "nabii zangu" inatoka. Lakini soma kilichofuata asubuhi. Abimeleki alimwita huyo nabii mbele yake akamuuliza, umetutenda nini? Nimekukosa nini mpaka ukaniletea dhambi kubwa hivi mimi na ufalme wangu? Na Abrahamu hakusema usiniguse. Alijibu. Alijieleza, akasema aliogopa kuuawa, akaeleza hata ile habari ya dada yake kwa upande wa baba. Yaani masihi wa kwanza kwa huo mstari aliulizwa maswali na mfalme ambaye hata si wa imani yake na akatoa majibu. Samweli naye akiwa mzee, 1 Samweli 12, alisimama mbele ya watu wote akawauliza mwenyewe, nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimemwonea nani? Hakungoja mtu aandike kwa grupu. Na Paulo akichanga pesa za kusaidia ndugu wa Yerusalemu anasema kwa 2 Wakorintho 8 kwamba wametuma watu wengine pamoja na huo mchango makusudi, mtu asije akawalaumu. Kuulizwa risiti si kuguswa.

Huu unaofuata unaniuma zaidi kwa sababu nimeusikia kwa makaburi mengi sana. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Ayubu 1:21. Huku magharibi matanga ni mkutano mkubwa, kuna tenti, kuna spika, kuna mheshimiwa amekuja na msafara, na kuna mama ameketi mbele hana hata machozi tena. Kijana wake amekufa kwa barabara. Unajua barabara zetu. Tarehe 30 Juni 2023 pale makutano ya Londiani lori lilivamia watu waliokuwa kando ya barabara wakichuuza na kungoja gari, zaidi ya watu 50 wakafa. Sachangwan mwaka wa 2009 tanki la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, zaidi ya 100 wakaenda. Kila mara kuna maswali ya breki, ya barabara, ya polisi, ya umaskini unaomfanya mtu akimbilie mafuta na jerikeni. Alafu mtu anasimama kwa maiki anasema Bwana ametwaa, na hayo maswali yote yanafungwa pamoja na jeneza.

Ayubu alisema hayo maneno, ndio, na aliyasema kwa machungu yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia ayaseme. Lakini kwanza, kabla ya huo mstari, kitabu kimekwambia wazi nani alichukua nini. Waseba ndo walichukua ng'ombe na punda wakaua watumishi. Wakaldayo walikuja vikosi vitatu wakachukua ngamia. Wezi wametajwa kwa kabila. Pili, kitabu cha Ayubu kiko na sura 42 na huo mstari uko ya kwanza. Kuanzia sura ya 3 Ayubu analaani siku aliyozaliwa, analia, anateta, anamuuliza Mungu maswali ambayo wewe ukiuliza kwa ibada utaombewa. Hakunyamaza.

Waliokuja kumfariji ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na kwa maoni yangu hiyo ndo kazi nzuri waliyofanya kwa hicho kitabu chote. Walipofungua mdomo walianza kumweleza kwa nini Mungu amefanya hivyo. Na mwisho kabisa, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira zake zimewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu". Yule aliyelia na kuuliza ndo amesifiwa. Wale wa kueleza mapenzi ya Mungu kwa matanga ya mwenzao ndo wameambiwa watafute ng'ombe saba na kondoo dume saba wa sadaka. Hicho ndo kipande kinachokatwa, na anayekikata ni yule amesimama kwa maiki.

Tukiwa bado hapo kwa Ayubu, kuna ule wa biashara, uko kwa kuta za kinyozi na saluni kibao Nakuru, "ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana". Ayubu 8:7. Anayeongea hapo si Mungu, ni Bildadi, mmoja wa wale watatu waliokemewa. Na mistari mitatu nyuma ya huo Bildadi amemwambia baba aliyefiwa na watoto wote kwamba walikufa kwa sababu ya makosa yao. Sikwambii ubandue, biashara ikue, lakini jua ni nani umemweka kwa ukuta.

Waefeso 5:22 nao. "Enyi wake, watiini waume zenu." Mama anafika kwa wazee wa kanisa jicho limevimba, amebeba mtoto mgongoni, na kitu cha kwanza anachosomewa ni huo mstari, anaambiwa arudi nyumbani akanyenyekee. Sasa hesabu na mimi. Wake wanaongeleshwa kuanzia mstari wa 22 mpaka 24. Waume wanaongeleshwa kuanzia 25 mpaka karibu sura iishe, wanaambiwa wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, wawapende kama miili yao wenyewe, na kwamba hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza. Na kabla ya yote hayo mstari wa 21 unawaambia wote wanyenyekeane. Angalia pia nani anaambiwa nini. Neno la mke ameandikiwa mke. Mume hajapewa popote kazi ya kuhakikisha mke ametii, yeye amepewa lake, na ni zito zaidi. Kwa hivyo mwanaume anayempigia mke wake kelele za 5:22 anasoma meseji ya laini ya mwingine na yake hajaifungua. Na mzee wa kanisa anayemrudisha huyo mama ajue pia Kenya iko na sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani tangu 2015, hilo jicho ni kesi.

Malaki 3:10 sitaukawisha sana manake tunaujua kwa moyo, zaka kamili ghalani, madirisha ya mbinguni. Wenye kuusoma huanza mstari wa 8, mwanadamu atamwibia Mungu, ndo waumini wahisi wameiba. Ni kweli mstari wa 9 unataja taifa lote, hilo sitalikataa. Lakini kitabu cha Malaki kina sura nne tu, na sura ya kwanza na ya pili zinawapiga makuhani kwa majina yao ya kazi, kwamba wanalidharau jina la Mungu na wanatoa wanyama vipofu na viwete. Alafu 3:5, mistari mitano tu kabla ya zaka, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomwonea mfanyakazi kwa mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Sasa mhubiri anapanda na zaka, na mlinzi wa hilo kanisa ana miezi hajalipwa. Na ukitaka kujua zaka ilikuwa inaenda wapi soma Kumbukumbu la Torati 14. Kuna pahali mwenye zaka aliambiwa aile yeye na watu wa nyumba yake mbele za Bwana, na kila mwaka wa tatu ilibaki pale mjini kwao ili Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Toa zaka yako kama moyo wako unakutuma, mimi siko hapo. Naongea juu ya nani alikuwa anakula.

Kama unaona ni mimi naongeza chumvi, kuna watu walikata Biblia kwa makasi kabisa. Mwaka wa 1807 pale London ilichapishwa Biblia maalum ya watumwa Waafrika waliokuwa kwa visiwa vya Karibi vya Waingereza. Biblia nzima ya Waprotestanti iko na sura 1,189. Ile iliachwa na 232. Kutoka, pale Musa anawatoa watu utumwani, hiyo hadithi ikaondolewa. Zile za mtumwa kumtii bwana wake zikabaki. Makasi siku hizi hatutumii, mdomo unatosha, unasoma mmoja unaruka ishirini.

Warumi 13 ni ndugu ya hiyo. "Hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Serikali ya ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini iliutegemea huo sana mpaka wanatheolojia wakaandika tamko la Kairos mwaka wa 1985 kuukataa huo usomaji. Huku kwetu ulifufuka 2024 wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, vijana wako barabarani Nakuru na Kisumu na kwingine, alafu Jumapili wanaambiwa wanapingana na Mungu. Kipande kilichokatwa kiko mstari wa 4, mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Ni mtumishi, amepewa kazi, na kazi inaweza kukaguliwa. Na Paulo mwenyewe aliyeandika hayo, nenda Matendo 16, Filipi walimpiga hadharani bila kesi wakamtia ndani, asubuhi wakataka kumwachilia kimya kimya na akakataa. Alisema sisi ni Warumi, wametupiga bila kutuhukumu, na waje wenyewe watutoe. Baadaye akakata rufani mpaka kwa Kaisari. Mtu aliyejua haki zake za kikatiba hivyo hawezi kuwa alikuwa anatufundisha kunyamaza.

Lakini tusijifanye ni upande mmoja tu. 2017 wengi wetu huku Nyanza na magharibi tulikuwa safarini kwenda Kanani, ndo vile kampeni ya upinzani ilituahidi, nyimbo zikaimbwa, na hakuna aliyetukumbusha kwamba kwa Hesabu 14 watu wazima waliotoka Misri walikufia jangwani wote isipokuwa Yoshua na Kalebu. Mwanasiasa yeyote akishika maiki ya kanisa Biblia inakuwa kadi ya chama. Ndio maana nilimpigia makofi Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, Septemba 2021 pale Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi ya Anglikana Kenya. Wanasiasa wakubwa walikuwa wamekuja na akawanyima mimbari. Waliketi wakasikiliza neno, na ibada ikaisha bila mtu kuzirai.

Kuna pia ile mistari ambayo haipo kabisa. "Jisaidie nami nikusaidie", tafuta mpaka kesho, hutaipata. "Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu", hii wanasiasa wanaipenda mno, nayo haimo. Msomi mmoja wa zamani, Alcuin, aliitaja karibu mwaka wa 798 kwa barua kwa mfalme Charlemagne, na aliitaja akimwambia asiwasikilize wanaosema hivyo. Biblia yenyewe kwa Kutoka 23:2 inakataza kuandamana na wengi kutenda uovu, na sauti ya wengi iliyovuma zaidi kwa Injili ni ile iliyomwambia Pilato amsulibishe Yesu. "Pesa ni mzizi wa uovu" nayo ni nusu, 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha, na kwa kawaida anayekuambia hiyo nusu ni mtu ana pesa na hataki uulize za kwako.

Msihukumu, Mathayo 7:1, hiyo ni ngao ya kila aliyeshikwa. Endelea tu mpaka mstari wa 5, unaambiwa toa kwanza boriti kwa jicho lako ndipo uone vizuri kutoa kibanzi kwa jicho la ndugu yako, kwa hivyo kibanzi kinatolewa, hakiachwi humo. Na mstari wa 15 wa sura hiyo hiyo unaonya juu ya manabii wa uongo, mtawatambua kwa matunda yao. Utawatambuaje kama hauangalii?

Alafu kuna ile tunajikatia wenyewe, ya kujipa moyo, na hiyo mimi siikasirikii sana. Yeremia 29:11 kwa stika za boda, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni barua kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10 unasema mtakaa miaka 70, na kabla ya hapo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie mema mji wa adui zao. Sura iliyotangulia kulikuwa na nabii anaitwa Hananiya aliyewaambia ni miaka miwili tu mtakuwa nyumbani, watu lazima walimpenda huyo, na alikufa mwaka huo huo. Sasa sisi tunabandika maneno ya Yeremia alafu tunayasoma kwa sauti ya Hananiya, ati visa inatoka wiki ijayo. Wafilipi 4:13 kwa kadi za KCSE ni hivyo hivyo. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", Paulo anaandika akiwa amefungwa, na mistari miwili iliyotangulia inaeleza hayo mambo yote ni gani, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kumbe huo mstari ni wa mtoto aliyepata A na wa yule aliyepata D toa. Huyo wa D ndo hatumpi kadi.

Na ule wa arusi, wewe uendako nitakwenda, watu wako watakuwa watu wangu, bibi arusi anausoma kwa bwana akilia. Ruthu alikuwa anaongea na mama mkwe, wote wawili wajane, njiani, mikono mitupu. Lakini wacha usomwe, haujamnyima mtu kitu, na ukinialika hiyo arusi mimi nitakula pilau na kunyamaza.

Kwa nini basi kusumbuana na ile mingine? Kwa sababu Aprili 2023 kule Shakahola, Kilifi, makaburi yalifunguliwa na mpaka leo miili iliyofukuliwa imepita 400. Waumini, na watoto wao, walikuwa wameambiwa wafunge chakula mpaka wafe ndo wakutane na Yesu. Kesi ya mhubiri iko kortini, korti itaamua yake. Lakini watu hawakufika huko siku moja. Walianza kwa kuzoea kupokea mstari bila kuuliza unaofuata unasema nini, shule ikawa mbaya, hospitali ikawa mbaya, na kila hatua ilikuwa na andiko lake.

Ukianza kuuliza hivyo utajibiwa na andiko lingine, nakuonya mapema. Watakwambia wewe unasoma sana, "andiko huua, bali roho huhuisha". 2 Wakorintho 3:6, na nao umekatwa. Paulo hapo analinganisha agano la zamani lililochongwa kwa mawe na agano jipya, haongei juu ya mtu kufungua Biblia akathibitisha. Matendo 17:11 watu wa Beroya wanasifiwa kuwa waungwana kwa sababu walichunguza maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ni kweli, na aliyekaguliwa hapo ni Paulo mwenyewe na hakununa. Na kwa 2 Timotheo 4:13, akiwa tena kwa minyororo, anamwandikia Timotheo amletee lile joho aliloacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kwa hivyo mtu akikurushia hiyo ya andiko huua, mwambie msome pamoja sura yote ya 3 hapo hapo, iko na mistari 18 tu, inaisha kabla chai haijapoa.